Tundu la Kaa Kichwa Chini

Siku ambayo nyumba ya mama yake ilikuwa ibomolewe, Bi Mawe aliianza kwa kukata zawadi. Yeye ndiye aliyemshawishi mama akubali kuhama, na aliona haya kwenda kumhamisha mikono mitupu. Kwa hiyo asubuhi aliingia katika banda la miwa kabla ya wenzake, akachagua pingili moja iliyotolewa chini ya ua wa nyumba hiyohiyo, akaifunga kwenye msumeno wa maji. Alitaka kuipasua katikati, aisugue mpaka ing'ae, mama akaiweke sebuleni kwenye nyumba mpya na kuwaambia wageni: hiki kilikuwa chini ya kitanda changu.

Miwa, pale mgodini alikofanya kazi, si miwa ya kutafuna. Ni vigogo vya mwamba vya mviringo, unene wa mkono wa mtu mzima, vinavyotolewa ardhini na mtambo wa kuchoronga. Wafanyakazi waliviita hivyo kwa sababu hutoka vimekatikakatika pingili pingili. Hupangwa kwenye visanduku virefu vya mbao kwa mfuatano, ili anayesoma kisanduku awe anaisoma ardhi. Kazi ya Bi Mawe ilikuwa kusoma huko. Jina lake la shuleni lilikuwa limeshasahaulika hata na aliyempa. Ukiuliza habari zake kwa jina hilo, utatafuta mpaka uchoke.

Msumeno ulizimika, jiwe likafunguka, akainama kulitazama.

Ndani ya jiwe palikuwa na tundu la kaa. Hilo peke yake si ajabu, matundu ya namna hiyo yamejaa kwenye miamba ile. Kaa wa bahari ya kale alichimba tope la chini, akaishi humo, akafa, na tundu lake likajaa punje za fosfeti, jiwe la mbolea, zilizoporomoka kutoka juu: punje nyeusi ndani ya tope jeupe, hata asiye na kazi hiyo angeziona. Ajabu ni kwamba mdomo wa tundu ulikuwa chini, na kile kichumba cha mwisho, alichokuwa akigeukia kaa, kilikuwa juu.

Aligeuza jiwe akidhani amelishika vibaya. Alitazama alama ya chaki aliyoiweka kwa mkono wake kabla ya kulitoa kisandukuni. Hakuwa amekosea. Upande wa juu ulikuwa wa juu, na tundu lilikuwa kichwa chini.

"Kaa hachimbi kuelekea mbinguni," alisema peke yake, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Akakata pingili ya pili. Hapo palikuwa na tabaka la meno ya papa na vipande vya mifupa, tabaka ambalo dhoruba huliacha. Dhoruba ikitulia baharini, vizito hutua kwanza, vyepesi baadaye. Ndivyo ilivyo hata kwenye ndoo ya maji machafu. Katika jiwe hili meno yalikuwa juu na tope laini lilikuwa chini ya meno. Akakata ya tatu, akakata ya nne, maji ya msumeno yakimlowesha kifua na yeye hana habari. Zote zilisema neno moja. Shimo lote la kilimani kwa mama lilikuwa limepangwa kinyume visandukuni, na yeye, mtaalamu, mwenye cheti ukutani, alikuwa amelisoma kinyume vilevile.

Akakaa juu ya kisanduku ambacho kwa kawaida yeye huwafukuza watu wasikikalie.

Maana yake ilikuwa rahisi mno, na ndiyo iliyomuua. Jiwe la mbolea halikuwa juujuu, karibu na mizizi ya mpapai wa mama. Lilikuwa kule chini kabisa, kwenye maji. Kulifikia kungehitaji kuondoa kilima kizima, na hakuna kampuni yenye akili timamu itakayofanya hivyo. Nyumba ya mama ilikuwa inabomolewa kwa ajili ya kitu kisichoweza kuchukuliwa. Tingatinga lilipangwa kupanda kilimani adhuhuri.

Mtaa wa kilimani ulikuwa umegoma kuhama kwa muda mrefu, na kiongozi wa mgomo, bila kuchaguliwa na mtu, alikuwa mama. Mwanamke yule akikataa kitu, mtaa mzima unakataa. Akinunua sufuria mpya, mtaa mzima unanunua sufuria. Kampuni ilileta maofisa waliovaa tai. Akawapa maji ya kunywa na kuwasindikiza mpaka mlangoni. Ilileta ramani, akasema rangi zimependeza. Hakuna mwenye ua aliyeruhusu mtambo uchoronge kwake isipokuwa yeye, na aliruhusu kwa sababu mwombaji ni mwanawe. Likachimbwa shimo moja tu, nyuma ya jiko, na meneja kwa haraka zake akaamua habari ya kilima kizima kwa shimo hilo.

Jioni moja, baada ya kulisoma shimo, Bi Mawe alikwenda kukaa na mama kwenye mkeka, na kumweleza habari za bahari.

"Bahari?" mama aliuliza. "Hapa? Hapa ambapo hata mvua inakuja kwa kubembelezwa?"

"Bahari, mama. Ya kina kifupi, jua linapenya ndani. Maji ya baridi yalikuwa yanapanda kutoka kilindini, kama unavyokoroga sufuria na masalio ya chini yakaja juu. Yale masalio ni chakula. Viumbe vidogo, hata huvioni kwa macho, vikala, vikazaana mpaka maji yakawa mazito. Samaki wakaja kuvila, papa wakaja kula samaki. Wote wakafa, leo huyu kesho yule, wakazama topeni."

"Wakaoza."

"Wakaoza. Mifupa, magamba, kinyesi, kila kitu. Ile rutuba iliyokuwa mwilini mwao ikaingia kwenye maji ya topeni, ikagandamana polepole ikawa punje ngumu kama ulezi. Halafu mawimbi yakapepeta, kama wewe na ungo wako. Tope jepesi likaenda zake, punje na meno vikabaki. Tabaka juu ya tabaka, kwa miaka ambayo ukianza kuihesabu utazeeka njiani. Hiyo ndiyo fosfeti. Hilo ndilo jiwe la mbolea."

Mama alilitafakari hilo. "Kwa hiyo sisi tunakula kinyesi cha samaki."

"Kila anayenunua mbolea anakila, mama."

Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha akamtazama mwanawe kama mtu anayetazama sarafu asiyoiamini. "Na hilo jiwe liko chini yangu? Umeliona wewe, au umeambiwa?"

"Nimeliona kwa macho yangu."

Mama hakuuliza tena. Kesho yake alikubali kuhama, na kabla wiki haijakwisha mtaa mzima ulikuwa umekubali. Nyumba ile marehemu mumewe aliijenga kidogo kidogo, chumba baada ya chumba, akifyatua matofali mwenyewe baada ya kazi. Mama aliitoa kwa neno la mtoto wake. Bi Mawe alilikumbuka neno hilo sasa, akiwa amelowa chapachapa bandani.

Akatoka mbio kumtafuta mjomba.

Mjomba alikuwa mdogo wake mama, mchimba visima tangu ujana, na Bi Mawe ndiye aliyemwombea kazi pale mgodini. Wiki waliyochoronga kilimani, mpangaji wa miwa aliugua tumbo, na mjomba akashika nafasi yake. Bi Mawe mwenyewe aliwaambia wenzake: huyu anajua kazi, msimsumbue. Wakamheshimu, hawakumsumbua.

Alimkuta karakana, ananoa vichwa vya kuchorongea huku akipiga mluzi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hivyo? Umeoga na nguo zako?"

"Mjomba, lile shimo la nyumbani. Ulipanga miwa kuanzia wapi?"

"Kuanzia mwanzo."

"Mwanzo upi?"

"Mwanzo ni mmoja tu, mwanangu. Kwenye maji." Mjomba aliweka tupa chini, kwa furaha ya mtu aliyeulizwa kitu anachokijua. "Mwenye kisima hakuulizi habari ya udongo wa juu, huo anaukanyaga kila siku. Anataka jiwe la maji. Kwa hiyo shimo likiisha, unaanza na lile la chini kabisa, unaliweka kichwani mwa kisanduku cha kwanza, ndiyo unapanda nalo mpaka juu. Mteja akifunua, anakutana na alichokilipia. Ndivyo nilivyofundishwa. Kwani nyinyi mnapangaje?"

"Sisi tunaanza na la juu, mjomba. Chini ya nyasi."

Mjomba alitabasamu, kama anayesikia desturi ya wageni. Kisha tabasamu likaanza kumtoka, upande mmoja kwanza. Akamtazama mpwa wake, akatazama nguo zilizolowa, akatazama upande wa bandani.

"Hakuna aliyeniambia," alisema.

"Hakuna."

"Mimi najua kisima."

"Najua, mjomba. Kosa si lako. Udongo laini wa juu huoshwa na mtambo, hautunzwi. Mwamba wote pale hutoka umepakwa vumbi jeupe, ukishakauka wa juu na wa chini ni pacha. Lakini mimi nilipaswa kukata jiwe moja. Moja tu. Pingili tulizivunja kwa nyundo, tukapeleka nusu zikasagwe, tukasubiri majibu. Maabara ikasema fosfeti ipo, na kweli ipo. Hatukuuliza iko juu au iko chini."

Mjomba alitafuta mahali pa kukaa, akakosa, akajishikiza kwenye pipa la oili. Alikuwa mtu wa maneno mengi, tena matamu. Siku hiyo yalikuwa machache. "Dada yangu," alisema. "Nyumba ya dada yangu." Bi Mawe aligeuza uso ili asimwone.

"Twende kwa meneja," alisema. "Tingatinga halijapanda bado."

Meneja aliwasikiliza akiwa amesimama. Bi Mawe aliweka nusu mbili za jiwe juu ya meza, juu ya karatasi zake safi, na maji machafu yakachuruzika. Akamwonyesha tundu, akamwonyesha meno. Meneja hakuwa mjinga. Kabla hajamaliza kuelezwa, rangi ilikuwa imemtoka usoni. Akavua miwani, akaivaa, akaivua.

"Na yale mashimo ya bondeni?"

"Ya bondeni ni sahihi. Yalipangwa na yule wetu wa siku zote. Ni hili la kilimani tu."

"Nani mwingine anajua?"

"Sisi watatu. Na msumeno."

Meneja alikwenda dirishani. Alipogeuka alikuwa ametulia, na utulivu huo ndio uliomshtua Bi Mawe kuliko yote aliyoyaona asubuhi ile. "Sikiliza," alisema kwa upole. "Watu wameshapewa nyumba nyingine. Wamesaini. Mashine imeshatoka gereji. Tukibomoa, tukachimba kidogo, tukakosa, tutasema ardhi imetudanganya. Yanatokea. Ardhi haiwezi kutushtaki."

Bi Mawe alimtazama mtu ambaye yeye alikuwa amefanya kazi chini yake kwa miaka, akimwita mkuu kwa moyo mweupe, na akaona hajawahi kumjua. Aibu ilimpanda, kisha hasira ikaisukuma aibu pembeni.

"Ardhi haikudanganya, mkuu. Kaa alisema kweli tangu siku aliyochimba. Tuliodanganya ni sisi, na mimi nitasema."

"Utasema kwamba uliyesoma vibaya ni wewe?"

"Ni mimi. Nitasema hivyohivyo."

"Kazi utaipoteza."

"Kazi nimeipoteza msumeno ulipozimika. Piga simu hilo tingatinga lisimame, ndiyo ninachokuomba. Usipopiga, nitalala mbele yake, na waulize wanaonijua kama natania."

Mjomba, ambaye hakuwa ameombwa kusema, alisema, "Na mimi nitalala ubavuni mwake. Mimi ni mrefu, tutaziba barabara." Haikuwa mzaha, ingawa siku nyingine ingekuwa.

Meneja aliwatazama wote wawili. Sijui kama alihesabu hasara ya kuvunja kilima bure, au aliona jinsi maneno yatakavyozagaa. Watu wa namna yake hawakuambii. Alichukua simu, akampata dereva, akasema: "Simama hapohapo ulipo. Usipande. Nimesema usipande." Kisha akakaa na kulisukuma jiwe kwa kidole ili lisimloweshee karatasi.

Walichukua gari la kubebea visanduku, Bi Mawe akaendesha. Njiani mjomba alianza kupumua, na kwa kupumua akaanza kusema. Atamwangukia dada yake miguuni, atamwambia yote, dada atamtukana mpaka kesho kutwa, halafu atampa chakula. Ndivyo alivyokuwa dada yake. Bi Mawe alijikuta anacheka, kicheko chenye machozi. Cheo kitakwenda, na mtaa utamzomea. Lakini nyumba ipo, kuta zipo, mlango ambao baba aliupaka rangi ya kijani kwa sababu ndiyo iliyokuwa ya bei rahisi dukani upo. Hayo mengine yatajulikana huko mbele.

Tingatinga walilikuta chini ya kilima, limezimwa, dereva amekaa juu ya mnyororo wake anatafuna karanga. Aliwapungia mkono. Bi Mawe alipiga honi kwa furaha mpaka mjomba akamwambia atawaamsha waliolala.

Gari lilipokata kona ya juu, alikanyaga breki katikati ya barabara.

Nyumba haikuwepo.

Palikuwa na sakafu. Juu ya sakafu mabati yalikuwa yamepangwa moja juu ya jingine, makubwa chini, madogo juu. Matofali yalikuwa yamekwanguliwa udongo na kusimamishwa kwa safu ukutani mwa uzio, kama wanafunzi mstarini. Mlango wa kijani ulikuwa umeegemezwa kwenye mpapai. Katikati ya mahali palipokuwa sebule, mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kanga imefungwa kiunoni, mikono imejaa vumbi jeupe mpaka kwenye viwiko, anakunywa maji.

Bi Mawe alishuka. Mjomba hakushuka kabisa.

"Mnakuja mapema," mama alisema. "Vizuri. Gari hilo litatosha matofali."

"Mama. Nani amebomoa?"

"Mimi. Na mafundi wawili wa hapa chini. Tumeanza jana baada ya chakula cha mchana, leo tumemalizia." Alimtazama mwanawe kwa mshangao kidogo, kisha akaeleza kama anavyoelezwa mtu mzito wa kuelewa. "Tingatinga halijui tofali zima na tofali bovu. Baba yako aliyafyatua haya kwa mikono yake. Nikasema kama lazima nyumba ishuke, ishushwe na watu wanaoifahamu, na tofali ziende na mimi. Sikukuambia kwa sababu ungenizuia, ungesema mgongo. Mgongo wangu mzima."

Bi Mawe akapiga magoti juu ya sakafu ile, mbele ya kiti, akaweka mikono juu ya mikono yenye vumbi, na akasema yote. Alisema jiwe liko chini kwenye maji, si hapa. Alisema hakuna atakayekuja kulichukua. Alisema yeye alisoma kichwa chini, na shimo lilipangwa kichwa chini, na nyumba hii haikuwa na sababu ya kuguswa na mtu yeyote.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Aliyatazama matofali safu kwa safu. Alimtazama kaka yake mdogo ndani ya gari, aliyekuwa ameufunika uso kwa kofia. Bi Mawe akaomba moyoni atukanwe, apigwe hata.

Nyundo ilisikika ng'ambo ya barabara. Wote wawili waligeuka.

Fundi viatu, jirani yao, alikuwa juu ya paa lake. Upande mmoja ulikuwa wazi, mbao tupu, na mkewe alikuwa chini anapanga mabati, makubwa chini, madogo juu. Nyumba ya pili yake mtu alikuwa anang'oa madirisha. Ya tatu ilikuwa imebaki kuta. Mtaa mzima ulikuwa kazini, polepole, kwa uangalifu, kama alivyofanya mama.

"Waliniona jana," mama alisema kwa sauti ya chini. "Wakasema, kama yeye anabomoa mwenyewe, basi." Akautoa mkono wake chini ya mkono wa mwanawe. "Mimi niliwaambia jiwe lipo, kwa sababu uliniambia wewe. Sasa nenda ukawaambie. Mimi siwezi."

Bi Mawe alisimama akavuka barabara. Fundi viatu alimwona akija, akafurahi, akamwita jina lake la mtaani, akasema watu walikuwa wanasema hutamwona Bi Mawe kwenye kazi ya vumbi, na tazama. Alikuwa ameng'oa bati jingine, amelishika kwa mikono yote miwili, na upepo ulikuwa unalivuta.

"Pokea hili kwanza, mwanangu," alisema. "Halafu useme ulichokuja nacho."

Bati lilikuwa la moto. Alilipokea, kwa sababu lingemwangusha mzee wa watu, akaliweka juu ya mengine, akalisawazisha. Kisha akainua uso, akamwambia.